Gari Huishia Chini ya Mlima: Historia ya Njia za Miguu za Uluguru



Kila harambee ina sababu yake. Mwaka huu, pamoja na madarasa na zahanati ambazo mmezizoea katika kurasa hizi, tumeweka njia za miguu na vivuko vya mitoni. Wapo watakaouliza: njia ya miguu nayo inachangiwa? Makala haya yameandikwa kuwajibu. Anayejua historia ya njia hizi hatashangaa kuziona kwenye orodha. Pengine atashangaa kwamba hatukuziweka mapema zaidi.

Watu wa mlima

Jina letu limetoka mlimani. Neno la Kiluguru la mlima ndilo lililozaa Uluguru na Waluguru. Safu yetu inasimama juu ya mji wa Morogoro kama ukuta. Kilele cha Lupanga, kinachoonekana kutoka kila mtaa wa mjini, kina zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kusini zaidi, Kimhandu inapita mita 2,600. Katika miteremko hiyo wazee wetu waligawana ardhi kwa koo, na ukoo kwetu unafuata upande wa mama. Kwa hiyo njia nyembamba zinazopanda na kushuka mabonde zilikuwa na kazi ya ujamaa kabla ya kuwa na kazi ya biashara. Zilimpeleka mtoto kwa wajomba zake, zilimpeleka binti arusini, na zilimrudisha marehemu kwenye ardhi ya ukoo wake.

Karne ya 19 misafara ya pwani ilipita chini yetu. Mwaka 1857 Burton na Speke, wakielekea maziwa makuu, walipita upande wa kusini na kupumzika Zungomero, karibu na Kisaki. Upande wa kaskazini, Kisabengo alijenga mji wenye kuta za mawe mahali ilipo Morogoro ya leo, na mji huo ukajulikana kwa jina la Simbamwene. Stanley aliuona mwaka 1871, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, akaandika habari za kuta zake na za milima iliyo nyuma yake. Lakini aliitazama milima hiyo kutoka chini. Msafara ulitaka njia ya tambarare, na mlima ulikuwa kimbilio la waliokimbia vita na utumwa. Waliojua njia za juu walikuwa salama kuliko waliobaki bondeni.

Reli yafika, mlima wabaki

Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1907 ikafika Morogoro. Safari iliyowachukua wapagazi siku nyingi ikawa safari ya siku moja. Hapo ndipo ilipoanza desturi ambayo haijabadilika mpaka leo: mtu husafiri kwa chombo cha umma hadi mjini, kisha hupanda kwa miguu.

Wakubwa wa serikali na wamisionari walipenda ubaridi wa juu. Juu ya mji, kwenye njia inayoelekea kilele cha Bondwa, Wajerumani walijenga nyumba ambayo baadaye iliitwa Morningside, na jina hilo limebaki midomoni mwetu. Nyumba hiyo ilifikiwa kwa kupanda, na mizigo yake ilipanda juu ya vichwa vya watu.

Utawala huohuo ulitenga misitu ya juu kuwa hifadhi, na Waingereza waliokuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaendeleza mipaka hiyo. Kwa upande mmoja hatuna budi kushukuru, kwa sababu bila msitu huo mito yetu ingekuwa makorongo. Kwa upande mwingine, mpaka wa msitu haukuuliza njia za koo zinapita wapi. Aliyezoea kuvuka mgongo wa mlima kwenda kwa ndugu zake upande wa pili alijikuta anapita katika mali ya serikali.

Matuta ya mwaka 1955

Baada ya Vita ya Pili, serikali ya kikoloni iliona udongo wa Uluguru unateremka mtoni, ikaleta mpango wa matumizi ya ardhi. Kiini cha mpango huo kilikuwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, na kazi hiyo ililazimishwa. Udongo wetu mahali pengi ni mwembamba. Ukikata ngazi unazika ule wenye rutuba na kuuleta juu ule usioota kitu. Wakulima walilisema hilo wala hawakusikilizwa. Mwezi Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga matuta. Polisi walifyatua risasi, na mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango ule haukusimama tena.

Tunakumbusha tukio hili kwa sababu linahusu njia pia. Watu waliofika Matombo siku zile hawakuletwa na lori. Walishuka na kupanda kwa njia za miguu kutoka bonde hadi bonde, na habari ilipita njia hizohizo. Somo la pili ni kwamba mlima hautengenezwi kwa amri ya mtu asiyeulima. Njia ikitengenezwa vizuri, maji yake ya mvua yakaelekezwa kando na kingo zake zikapandwa majani, inahifadhi udongo. Ikiachwa, inageuka mfereji, na baada ya masika machache ni korongo.

Kutoka lori hadi daladala, na sasa SGR

Barabara za magari zilipanda taratibu na kwa kuchagua. Zilifuata misheni, soko na zao. Mgeta ilipata yake, ndiyo maana kabichi, karoti, njegere na viazi vya huko vinafika Dar es Salaam. Matombo na Kinole zikapata zao, na ndizi, nanasi, karafuu, mdalasini na pilipili manga vikapata gari. Lakini kila barabara hiyo ina mwisho wake, na baada ya mwisho kuna vitongoji. Mama anayeuza ndizi katika Soko Kuu la Chifu Kingalu asubuhi mara nyingi ameanza safari kabla ya alfajiri, tenga kichwani.

Mabasi madogo ya watu binafsi yaliporuhusiwa Dar es Salaam mwaka 1983, jina la daladala likaenea nchi nzima, na Morogoro nayo ikawa na daladala zake. Bodaboda zikafuata na kusogeza mwisho wa gari juu kidogo. Kisha, tarehe 14 Juni 2024, treni ya SGR ikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa chini ya saa mbili. Mkazi wa Dar anaweza kuondoka asubuhi, akatembea mlimani, akalala kwake usiku uleule. Hilo halikuwahi kuwezekana kwa urahisi huo tangu reli ya mwaka 1907.

Ndiyo maana siku za mapumziko mnawaona vijana wenye mabegi mgongoni wakipanda Boma. Hawana magari. Wametumia treni na daladala, kama sisi.

Ukitaka kuja kutembea

Wengi wetu tumezaa watoto mjini, na watoto hao wanaujua mlima kwa picha tu. Waleteni. Haihitaji gari la kukodi.

Kutoka stesheni ya SGR iliyoko Kihonda, au kutoka stendi ya Msamvu kwa waliokuja na basi, pandeni daladala ya mjini. Anayekwenda Morningside huanzia upande wa Boma na kufuata bonde la Mto Morogoro, akipita mashamba na nyumba za watu hadi kwenye nyumba ile ya Wajerumani. Mtembeaji wa kawaida atatumia saa mbili hadi tatu kupanda. Anayeendelea hadi Bondwa ataingia msituni, na hapo ni ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 na yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 24,000. Kibali chake hutolewa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Msikwepe kibali, na msiende bila mwongozaji kutoka vijiji vya njiani. Ukungu wa huko hushuka ghafla, na fedha ya mwongozaji inabaki kijijini.

Mwenye siku mbili au tatu apande gari la abiria la Mgeta, au la Kinole, au la Matombo, na aanzie matembezi huko. Ulizeni mapema saa ya gari la mwisho la kurudi, kwa sababu likikuacha umelala. Epukeni masika kama miguu haijazoea utelezi. Mkipishana na aliyebeba mzigo, mpisheni ninyi, na salamu isikosekane.

Mtakayoyaona yanastahili jasho hilo. Msitu wa juu una ndege wa aina mbili wasiopatikana popote pengine duniani. Una chemchemi zinazolisha Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Kijana wa Dar anayeinama kunywa kwenye kijito cha Uluguru ameshakunywa maji hayo maisha yake yote, ila yalimfikia kwa bomba.

Kwa nini tunachangia

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Njia za miguu zinachangiwa kwa sababu mtu wa mwisho kuzitegemea si mtalii. Ni mjamzito anayebebwa kwa machela hadi barabara ya gari. Ni mwanafunzi anayevuka mto kwa gogo moja lililolowa. Ni mkulima ambaye mzigo wake wa ndizi unashuka bei kwa sababu umefika sokoni umechelewa. Mtalii akikuta gogo limesombwa na maji, atageuza na kurudi kwenye treni. Mwenyeji hana pa kugeuzia.

Zamani hatukuhitaji kuchangishana fedha. Kila kitongoji kilijua kipande chake, na kabla ya mvua watu walitoka na mundu na jembe wakafyeka na kuzibua. Leo vijana wengi wako mjini, na waliobaki hawatoshi. Mahali pengine mashamba yameisogelea njia hadi imebaki upana wa unyayo. Sisi tulioondoka ndio mikono iliyopungua. Mchango wetu ni badala ya jembe ambalo tungelishika.

Kazi yenyewe haina makuu: kuchimba mifereji ya kutoa maji njiani, kuweka ngazi za mawe kwenye miinuko mikali, kujenga vivuko vyenye mikono ya kushikia, na kupanda majani na miti kwenye kingo. Mawe na mchanga vipo. Mafundi wapo vijijini. Kinachokosekana ni saruji, nondo, vifaa na posho ya watakaofanya kazi. Pia tunaomba jambo lisilo la fedha: wenye mashamba kando ya njia wakubaliane na majirani upana utakaoachwa, mbele ya wazee wa ukoo na serikali ya kijiji, ili ugomvi usizaliwe na jambo jema.

Reli ya kwanza ilisimama chini ya mlima. Reli ya pili nayo imesimama chini ya mlima. Hapana shaka ya tatu, kama itakuja, itafanya vivyo hivyo. Kipande kinachobaki, kutoka mwisho wa gari hadi mlangoni kwa mama, hakijawahi kuwa na mwenyewe isipokuwa sisi.

Jazeni fomu iliyo mwishoni mwa kijitabu hiki, kila mmoja kwa uwezo wake. Na watakaoweza, waje na watoto wao wapande mlima. Karibuni nyumbani.