Wastani wa Sangara Hautoshi

Nikiwa Manyatta, Kisumu, mwenyeji wangu aliniandalia mbuta, ndiye sangara, na mazungumzo yakaangukia takwimu. Tuseme kanuni yataka avuliwe sangara wa sentimita 50 hadi 85: chini ya hapo ni mchanga bado, juu yake ni mzazi. Sasa chukua samaki wanne, watatu wa sentimita 30 na mmoja wa 110. Wastani wao ni 50 kamili. Ripoti itasema mambo shwari, ilhali hakuna hata mmoja aliye halali!

Kwa hiyo mtafiti wa KMFRI akitaka kumfaa kiongozi wa BMU, ampe uwiano: katika kila sangara 100, wangapi ni wachanga, na walinaswa kwa nyavu zipi. Aongeze na kiwango cha shaka, mathalan kati ya 30 na 40, kwani waliopimwa ni sehemu tu ya waliovuliwa. Hesabu za kuthibitisha tu kwamba fuo mbili zatofautiana, mimi sizioni kuwa na kazi kubwa; mwenye kutoa amri hutaka kujua zatofautiana kwa kiasi gani. Na samaki wapimwe pale pale ufuoni, kabla hawajachambuliwa, maana wale wachanga hawapelekwi kiwandani.