Kutoka kwa Kungwi hadi kwa Mwalimu: Historia ya Ukimya kuhusu Elimu ya Ujinsia katika Sekondari za Tanzania

Ukimya wa baadhi ya walimu wa sekondari kuhusu elimu ya ujinsia umezoeleka kuelezwa kwa haya au dini pekee. Historia inaonesha chanzo kingine: nafasi aliyopewa mwalimu. Miongoni mwa Wazaramo na Wamakonde, mafunzo hayo yalitolewa unyagoni na jandoni, chini ya makungwi. Mzazi hakuyatamka mbele ya mwanawe; mwiko huo ulilinda heshima baina yao. Shule zilipoenea, mwalimu alikabidhiwa dhima ya ulezi. Alirithi mwiko wa mzazi, si kazi ya kungwi.

Baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kugunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, mtaala ulianza hatua kwa hatua kumtaka mwalimu azungumze, hasa katika masomo ya Biolojia na Uraia. Hata hivyo, kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa la kimaadili, nazo zilitumika dhidi ya wasichana waliopata mimba. Mwalimu akawa mshauri na, papo hapo, sehemu ya mamlaka yenye kufukuza. Msichana mwenye swali alikuwa na sababu ya kunyamaza.

Novemba 2021, Serikali iliwaruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa ujauzito kurejea shuleni. Uamuzi huo ulilegeza adhabu. Haukumpa mwalimu lugha ya kufundishia. Kwa hiyo, mafunzo ya ualimu yanayolaumu haya ya mwalimu, bila kuzingatia mwiko aliorithi na adhabu aliyotakiwa kuisimamia, hayaelekei kubadili mtazamo wake.