Garanti ya mashine ya mawese: ikivunjika, nani anatengeneza?

Ukitoka Kalundu na kufuata barabara ya ziwa kuelekea kusini, Makobola, Swima, Mboko mpaka Baraka, utakuta sehemu nyingi za kukamulia mawese. Pengine ni prese ya mkono, ile yenye visi kubwa ya katikati na kikapu cha chuma chenye matundu. Pengine ni ile inayozungushwa na motere ya mazutu. Nyingi hazikununuliwa na tajiri mmoja. Ni familia iliyouza ng'ombe, ni akina mama waliochanga kwenye likelemba, ni kikundi cha AVEC kilichokopesha. Na siku ya kulipa, muuzaji husema neno moja ambalo linatuliza roho ya kila mtu: "Garanti iko."

Iko kweli? Inabeba nini? Na siku visi itakapokwama, ni nani atakayekuja?

Mtu asiyefanya kazi ya mawese anaweza kufikiri kwamba prese ikivunjika leo, itatengenezwa wiki ijayo, basi. Haiko hivyo. Ngazi zikishavunwa na kupondekaponde, asidi inaanza kupanda ndani ya tunda. Kuzichemsha ndiko kunasimamisha jambo hilo, lakini zikishachemshwa zinapaswa kutwangwa na kukamuliwa zingali moto, kwa sababu zikipoa mafuta yanakataa kutoka yote. Kwa hiyo prese ikikufa katikati ya musimu, na mapipa yako mawili yako juu ya moto, hasara si bei ya kipande cha chuma peke yake. Ni bidoni ambazo hutazijaza, ni vibarua ambao utawalipa kwa kukaa, ni wenye ngazi ambao watabeba mizigo yao kwa jirani na pengine wasirudi. Ndiyo maana garanti ya miezi sita inayotengenezwa baada ya miezi miwili haimsaidii mtu sana.

Watu wanachanganya garanti mbili. Ya kwanza ni ahadi ya muuzaji au ya kiwanda: miezi mitatu, sita, mwaka, kufuatana na walivyopatana. Hiyo inatoka mdomoni au kwenye karatasi, na mwenye kuitoa ndiye anayeweka masharti. Ya pili haitoki kwa muuzaji. Inatoka kwenye sheria, na iko hata kama siku ya kununua hakuna aliyeitaja. Kodi sivili ya Kongo, kitabu cha tatu, ambacho ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inasema muuzaji anajibu juu ya kasoro iliyofichika ndani ya kitu alichouza, kama kasoro hiyo inakifanya kisifae kwa kazi yake, au inapunguza faida yake hivi kwamba mnunuzi asingekinunua ama angetoa bei ndogo. Mnunuzi anaweza kuchagua: kurudisha kitu na kurudishiwa pesa, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Na kama muuzaji alijua ile kasoro akanyamaza, anaweza kudaiwa pia hasara iliyotokea.

Lakini sheria hiyo hiyo ina milango ya kutokea. Kasoro uliyoweza kuiona kwa macho siku ya kununua haihesabiwi. Na muuzaji ambaye hakujua kasoro anaweza kuandika mapema kwamba hatoi garanti yoyote. Hilo mnaliona sana kwenye mashine za okazi. Tena kodi inadai mlalamikaji asichelewe, bila kutaja idadi ya siku: inasema muda mfupi, kufuatana na namna ya kasoro na desturi ya mahali. Ukikaa mwaka mzima na mashine mbovu ndani ya hangari ndipo uende kulalamika, usishangae wakikufunga mlango.

Kwa wafanyabiashara kati yao, siku zimehesabiwa. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 Kongo iko ndani ya sheria za OHADA, na sheria yake ya biashara iliyopitishwa mwaka 2010 inampa mnunuzi mwezi 1 tangu kupokea mzigo ili aonyeshe kasoro inayoonekana, na mwaka 1 kwa ile iliyofichika, kuanzia siku alipoigundua au alipopaswa kuigundua. Hii ni kwa duka linalonunua kwa duka, au mwenye kiwanda kidogo aliyejiandikisha kama mfanyabiashara. Mama anayenunua prese moja ya nyumbani anabaki chini ya ile kodi ya 1888.

Sasa tufike kwenye ugomvi wenyewe. Fundi anaangalia visi, anatikisa kichwa: "Mama, hii mmeiharibu wenyewe." Mama anajibu: "Baba, tumekamua wiki tatu tu!" Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Prese ya mkono inazungushwa kwa bomba. Watu wakiona mafuta hayatoki vizuri, wanaongeza bomba lingine juu ya lile ili wapate nguvu. Bomba la metre 1 likifanywa metre 2, nguvu inayofika kwenye visi ni mara mbili, na visi haikutengenezwa kwa hiyo. Meno yanalika, au visi inapinda. Hapo fundi ana haki kukataa garanti. Lakini kuna upande mwingine. Visi iliyochongwa kwenye chuma laini cha ujenzi itakufa hata ikizungushwa kwa adabu. Ekuru yake ikiwa ya chuma kilekile, vinasagana na kushikana. Fundi anayejua kazi anaweka ekuru ya bronzi au ya chuma cha kumwaga, iliyo laini kuliko visi, ili kinacholika kwanza kiwe kile kidogo cha bei ndogo. Hapo kasoro ni ya mtengenezaji, na hata angekuwa rafiki yako wa kanisani, anapaswa kujibu.

Namna ya kutofautisha? Visi iliyozidiwa nguvu mara nyingi inapinda au inakatika mahali pamoja. Visi ya chuma kibaya inalika meno polepole kote ilipopita ekuru, na unaona vumbi la chuma ndani ya grisi. Ufa unaoanza pale pale palipochomelewa, na ndani yake kuna matundu madogo kama ya mkate, ni kazi mbaya ya kuchomelea. Si ushahidi wa mwisho, lakini ni maswali mazuri ya kuuliza mbele ya fundi wa pili.

Kwa mashine za motere, ugomvi unahamia kwenye mazutu na mafuta ya enjini. Mazutu ya bidoni kando ya barabara mara nyingine ina maji na uchafu, na muuzaji wa motere anajua hivyo. Kitu cha kwanza atakachouliza ni lini mlibadilisha mafuta ya enjini na filta. Kama hakuna anayekumbuka, garanti imekwisha hapo hapo. Daftari la faranga chache linatosha: tarehe, saa za kazi, mafuta yamebadilishwa, saini ya aliyebadilisha. Tumeona vikundi vinavyoandika kila bidoni ya mawese iliyotoka lakini havina mstari hata mmoja juu ya mashine inayoyatoa.

Kuchagua kununua wapi pia ni kuchagua garanti, na hapa mimi nina upande wangu. Prese iliyotengenezwa na fundi wa kuchomelea wa Uvira, kati ya Songo na Kavimvira, inaweza kuwa haina rangi nzuri wala kitabu, na pengine fakitire yenyewe ni karatasi ya kalamu. Lakini fundi ana nyumba inayojulikana, na ana kipimo cha visi yake. Ile iliyotoka Bujumbura, Rumonge au Kigoma inaweza kuwa nzuri zaidi. Rumonge wamezoea mawese miaka mingi, na Kigoma wana SIDO, shirika la viwanda vidogo la Tanzania lililoanzishwa mwaka 1973. Shida ni kwamba kati yako na fundi kuna mpaka au ziwa. Na ile ya mbali zaidi, iliyofika kwa kontena kutoka Uchina, garanti yake inaweza kuwa imeandikwa vizuri kabisa, lakini mwenye kuitekeleza yuko Guangzhou. Swali la kuuliza kabla ya kutoa pesa si "garanti ni miezi mingapi?" Uliza: "Piese ya kubadilisha iko wapi leo? Nionyeshe." Duka lenye ekuru, rulma na mikanda ya akiba kwenye rafu linaweza kukuahidi miezi mitatu na kukusaidia kuliko lile la mwaka mzima lisilo na hata bulo moja.

Ukilazimika kurudisha mashine Burundi kwa matengenezo, pitia ofisi ya DGDA kabla ya kuvuka Kavimvira. Kodi ya forodha ya mwaka 2010 ina utaratibu wa kutoa kitu kwa muda ili kikatengenezwe nje. Bila karatasi hiyo, siku ya kurudi mashine yako inaonekana kama mali mpya inayoingia, na unaweza kulipishwa hivyo. Andikisha namba ya enjini. Kama prese haina namba, mwambie fundi apige alama kwenye chuma, na alama hiyo iandikwe kwenye karatasi ya kutoka.

Fakitire yenye nguvu inataja jina la muuzaji, namba yake ya RCCM na ya kitambulisho cha taifa cha biashara, maelezo ya mashine na namba yake, bei, tarehe, na maneno ya garanti: muda, vipande gani vinahusika, nani analipa usafiri, fundi atakuja au mashine itapelekwa, na ndani ya siku ngapi. Hilo la siku ndilo linalosahauliwa zaidi. Kama muuzaji hataki kuandika siku, afadhali muombe bei ipungue ununue ekuru ya akiba mwenyewe.

Akikataa kuheshimu ahadi, anzeni na barua ya tarehe, nakala mbili, yeye asaini ya kwenu kwamba ameipokea. Wengi wanamaliza mambo kwa shefu wa kartie au mbele ya wazee, na ni vizuri, mradi mapatano yaandikwe. Mfanyabiashara aliye mwanachama wa FEC anaweza kuitwa huko pia. Baada ya hapo kuna tribinali ya amani, na kwa kesi kubwa tribinali kuu ya Uvira.

Kabla ya hatua yoyote, msimwache fundi mwingine afungue mashine. Njaa ya musimu inasukuma watu: kijana wa jirani anakuja na nyundo, anachomelea pale palipopasuka, mashine inafanya kazi siku mbili, halafu inakufa kabisa. Muuzaji akifika anaonyesha ile alama mpya ya kuchomelea na kuondoka. Pigeni picha kwa simu, wekeni vipande vilivyovunjika ndani ya mfuko pamoja na vumbi lake la chuma, na mwiteni muuzaji akiwa na shahidi wa pande zote mbili. Ngazi zilizokwisha kuchemshwa zipelekeni kwa jirani siku hiyo hiyo, na risiti ya malipo mliyomlipa iwekeni ndani ya ule mfuko.