Kutoka Bendi za Wanafunzi hadi "Virunga": Muziki wa Vijana wa Zaire na Njia ya Lugha

Mkazi wa Goma hahitaji kufundishwa maana ya neno kirunga. Nyiragongo iko juu ya mji, na usiku wingu lake hung'aa wekundu. Neno lenyewe ni la ukoo mmoja na ikirunga ya Kinyarwanda, ambalo wingi wake ni ibirunga. Kiswahili kimelipokea katika ngeli ya KI-VI bila taabu yoyote, kirunga na virunga, kana kwamba lilikuwa lake tangu zamani. Mwaka 1969 hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la mfalme Albert wa Ubelgiji ikapewa jina hilo la milima. Miaka 12 baadaye, yaani mwaka 1981, jina lilelile likaandikwa kwenye bango la okestra mjini Nairobi. Aliyelichagua hakuwa mtu wa Kivu. Alikuwa mzaliwa wa Matadi, bandari ya magharibi mwa nchi, na muziki wake aliuanza katika bendi za wanafunzi wa Kinshasa. Jinsi kijana wa Matadi alivyofika kwenye jina la milima yetu, na kutoka hapo kwenye Kiswahili, ni habari inayostahili kuelezwa tangu mwanzo wake.

Historia ya muziki wa dansi wa Kongo huanzishwa kwa kawaida na majina mawili: African Jazz ya Joseph Kabasele, iliyoundwa mwaka 1953, na OK Jazz ya mwaka 1956, ambayo Franco aliiongoza hadi kifo chake mwaka 1989. Hizo zilikuwa bendi za watu wa kazi. Mwanamuziki alilipwa, alivaa sare, alimtii mkuu wake, na nyuma ya waimbaji walisimama wapigaji wa saksafoni na tarumbeta. Katikati ya miaka ya 1960 likatokea tabaka jingine la wapigaji, nalo ni wanafunzi. Los Nickelos lilikuwa kundi la wanafunzi wa Kikongo waliokuwa wakisoma Ubelgiji, na muziki wao ulichanganya rumba na ule mtindo wa vijana wa Ulaya ulioitwa yé-yé. Mjini Kinshasa kwenyewe zikafuata Thu Zaina, Bella Bella ya ndugu wawili wa ukoo wa Soki, na nyingine nyingi ambazo hazikuishi zaidi ya likizo moja. Wazazi hawakufurahi. Katika familia za waliosoma, mwanamuziki alihesabiwa kuwa mlevi mtarajiwa, na kijana aliyetumwa shule hakutumwa kwenda kushika gitaa.

Bendi iliyotoka katika kundi hilo na kuishinda hukumu ya wazazi ni Zaïko Langa Langa. Iliundwa Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969 chini ya uangalizi wa D. V. Moanda na wenzake. Miongoni mwa vijana wake wa mwanzo walikuwamo Jossart Nyoka Longo, aliyebaki nayo kwa zaidi ya miaka 50, mpiga gitaa Manuaku Waku, na Jules Shungu Wembadio, ambaye dunia ilimjua baadaye kwa jina la Papa Wemba. Wengi wao walikuwa bado na umri wa kukaa darasani.

Yafaa kuutazama vizuri mwaka huo. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium waliandamana Kinshasa kudai masilahi yao, na askari wakawafyatulia risasi. Mwaka mmoja kabla yake umoja wao wa kitaifa ulikuwa umepigwa marufuku, na mwaka 1971, baada ya machafuko mapya, wanafunzi wa Lovanium waliingizwa jeshini kwa nguvu na vyuo vyote vikaunganishwa kuwa kimoja chini ya serikali. Ingekuwa kurahisisha mambo mno kusema kwamba bendi za vijana zilizaliwa na risasi za Juni. Yé-yé ilikuwako kabla yake. Hata hivyo, haiwezekani kupuuza kwamba mlango wa siasa ulipofungwa kwa vijana waliosoma, mlango wa dansi ulibaki wazi, na kwamba waliopita humo hawakuonekana na dola kuwa hatari.

Walichokosa wanafunzi hao ni fedha, na hapa ndipo penye fundisho kubwa la kimuziki. Saksafoni na tarumbeta ni ghali, na kuzimudu kunataka miaka ya mazoezi. Zaïko ikaziacha kabisa. Nafasi yao ikajazwa na safu ya waimbaji wanne au watano wanaopokezana mbele ya maikrofoni, na magitaa yaliyokimbia haraka kuliko ya wazee. Sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo maneno hukoma na gitaa hutawala, ikarefushwa hadi ikawa ndiyo kiini cha dansi. Kisha ikaja kavasha, mdundo wa kasi wa ngoma ndogo ambao huhusishwa zaidi na Meridjo Belobi, na ambao simulizi za wanamuziki wenyewe huulinganisha na mlio wa magurudumu ya gari-moshi. Ndani ya miaka mitano bendi changa zote zilikuwa zikipiga hivyo. Upungufu wa wanafunzi ukawa kanuni ya wote, hata wa wale waliokuwa na uwezo wa kununua tarumbeta.

Kwa mwanaisimu, majina ya bendi hizo yana utamu wake. Zaïko huelezwa kuwa ufupisho wa Zaïre ya bankoko, yaani "Zaire ya mababu". Msomaji atashtuka: nchi haikuitwa Zaire ila tarehe 27 Oktoba 1971. Lakini sarafu ilikuwa ikiitwa zaire tangu mwaka 1967, na neno lenyewe, kwa asili ya Kikongo, lilikuwa jina la kale la mto. Vijana waliliokota jina lililokuwa mfukoni mwa kila mtu kabla ya serikali kulipandisha juu ya bendera. Mfano wa pili unachekesha zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1974 Papa Wemba, Evoloko na wenzao walitoka Zaïko wakaunda Isifi Lokole. Herufi za Isifi walizifafanua kwa Kifaransa kizito, kwa maana ya "Chuo cha Maarifa ya Kiitikadi cha Kuunda Vipenzi vya Watu". Mwaka huohuo chama tawala kilikuwa kimefungua chuo chake cha itikadi, Makanda Kabobi. Wahusika hawakuhitaji kueleza mzaha huo, na pengine ilikuwa busara kutoueleza.

Muziki huo ulifika Kivu kwa santuri na kwa redio, nao ulifika kwa Kilingala. Jambo hili lina uzito kwetu. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, na ndicho lugha ya soko, ya shule za chini na ya ibada katika sehemu kubwa ya mashariki. Kilingala kilikuwa lugha ya jeshi na ya mji mkuu, na kwa njia ya muziki kikawa pia lugha ya mapenzi. Kijana wa Goma au wa Bukavu alijifunza kubembeleza kwa maneno ambayo mama yake hakuyatumia. Aliyetaka kuimba na kusikika nchi nzima alijua njia: aende Kinshasa, aimbe kama wa Kinshasa.

Samba Mapangala alifuata njia hiyo kinyumenyume. Alizaliwa Matadi mwaka 1955, akasoma sekondari Kinshasa, na huko akaimba katika bendi za vijana, zikiwamo Saka Saka na Super Bella Bella. Mwaka 1975 alikuwa Kampala, ambako yeye na wenzake waliunda Les Kinois, na mwaka 1977 kundi likahamia Nairobi. Les Kinois maana yake ni "watu wa Kinshasa". Ni jina la mgeni anayetangaza atokako, na wakati ule lilikuwa na thamani sokoni, kwa kuwa Nairobi ilikuwa na studio, kiwanda cha kuchapa santuri, na wasikilizaji wenye kiu ya rumba. Super Mazembe walikuwa wamefika kutoka Zaire tangu mwaka 1974, Baba Gaston mwaka 1975, na Mangelepa wakajitenga naye mwaka 1976. Kavasha ya wanafunzi wa Kinshasa ikawa mdundo wa kawaida wa vilabu vya Kenya, hata wapigaji wa huko wakaichukua kuwa yao.

Jina jipya la mwaka 1981, Orchestra Virunga, halitangazi tena mji mkuu. Linataja milima ambayo Zaire, Rwanda na Uganda ziligawana, tena kwa umbo ambalo sikio la Mswahili linalitambua. Utunzi nao ulihama. Kilingala hakikuachwa, lakini Kiswahili kilichukua nafasi kubwa zaidi na zaidi, na vichwa vya nyimbo kama Vunja Mifupa na, baadaye sana, Maisha ni Matamu havihitaji mkalimani kutoka Goma hadi Mombasa. Ni kweli kwamba Kiswahili cha bendi za Kikongo kilichekwa na baadhi ya wajuzi wa pwani kwa upatanisho wake wa kisarufi. Kicheko hicho hakina msingi mkubwa. Lugha iliyoimbwa ilikuwa karibu na ile inayosemwa na mamilioni, kuanzia Lubumbashi wanakosema batoto badala ya watoto hadi mitaa ya Nairobi ambako iko hufanya kazi ya vitenzi vitatu. Shauri Yako, wimbo wa Nguashi Ntimbo ambao Super Mazembe waliueneza, umeimbwa harusini na watu ambao hawajapata kufungua kitabu cha sarufi.

Mafanikio hayo hayakuwa mteremko. Mwaka 1980 redio ya taifa ya Kenya iliamriwa kupiga zaidi muziki wa nyumbani, amri ambayo haikudumu. Lakini suala la vibali vya kazi lilidumu, na liliwasumbua wanamuziki wa Zaire kwa miaka mingi. Hata hivyo Virunga ilivuka: mkusanyo wa Virunga Volcano ulitolewa Uingereza mwaka 1990, na Feet on Fire ikafuata mwaka 1991. Baadaye Mapangala akahamia Marekani.

Kwa Goma, habari hii ina upande mchungu kidogo. Mji ulitoa jina, na nyimbo zikatungwa kwingine. Innoss'B, aliyezaliwa Goma mwaka 1997, alianza utotoni na ndugu zake katika kundi la Maisha Soul, jina ambalo nusu yake ni Kiswahili. Mwaka 2010 alishinda shindano la Vodacom Superstar, na mwaka 2019 wimbo wake Yope, ambao sehemu yake kubwa ni Kilingala, ukarudiwa pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania na kuenea Afrika nzima. Kijana wa Matadi alikwenda mashariki akaimba Kiswahili. Kijana wa Goma aliingia katika soko la Kinshasa akaimba Kilingala. Wote wawili walifuata wasikilizaji wenye kununua, na Goma yenyewe haijapata kuhesabiwa miongoni mwa wasikilizaji hao. Jaribio la kuwakusanya lilifanyika Februari 2014, tamasha la Amani lilipofanyika kwa mara ya kwanza. Jukwaa lilisimamishwa katika uwanja wa shule, Chuo cha Mwanga.