Mchezo na Jasho la Aliyeutengeneza

Ruaha Mbuyuni, mkoani Iringa, ni mahali pa wakulima wa vitunguu na pa madereva wa malori wanaojiandaa kuukwea mlima wa Kitonga. Kwa watu wafanyao kazi nzito namna hii mchezo si upuuzi. Ni pumziko la mwili na akili. Lakini aghalabu tunasahau kwamba pumziko la mmoja ni kazi ya mwingine.

Tulitazame bao letu. Mashimo yake 32 hayakujichonga yenyewe. Fundi huchagua gogo, akalichonga, akayalinganisha mashimo ili kete 64 zikae na kuchoteka vyema. Mchezaji hodari husifiwa kijiji kizima, mchongaji hatajwi.

Hali hiyo imejirudia katika michezo ya video, ambayo siku hizi vijana wetu huicheza katika simu. Miaka ya 1970 kampuni ya Atari ya Marekani haikuwataja watungaji wa michezo yake. Mmoja wao, Warren Robinett, alificha chumba cha siri chenye jina lake ndani ya mchezo uitwao Adventure. Wenzake wanne waliondoka, wakashiriki kuanzisha Activision mwaka 1979, nayo ikawataja watungaji waziwazi.

Kazi yenyewe si lelemama. Wapo wachoraji, watunzi wa hadithi, waandishi wa programu, na wajaribu ambao hurudia sehemu ile ile kutwa nzima wakitafuta kasoro. Siku ya kutoa mchezo ikikaribia, wengi hukesha. Mchezo ukishatoka, huenda wakaachishwa kazi. Mwaka 2023 na 2024 maelfu yao duniani walipoteza ajira.

Afrika Mashariki nayo ina watungaji wake. Lual Mayen, mzaliwa wa Sudan Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza dola 300 kwa miaka mitatu ili amnunulie kompyuta. Kwa kompyuta hiyo alijifundisha, hatimaye akatunga Salaam, mchezo ambamo mchezaji humwongoza mkimbizi akimbiaye vita.

Basi, yatupasa sisi walimu na wazazi tusiishie kumwuliza kijana nani ameshinda. Tumwulize pia nani aliyeutengeneza mchezo huo, na alipata nini. Taifa litakalo vijana wake watunge michezo, wala wasiwe wanunuzi tu, halina budi kwanza kukiri kwamba hiyo ni kazi, na kwamba mwenye kazi anastahili jina lake na ujira wake.