Jinsi ya kubandua nembo za gari bila kuharibu rangi

MAGARI mengi yaliyotumika yanayoshushwa katika Bandari ya Dar es Salaam kutoka Japan huja na maandishi ya kila namna kwenye mlango wa nyuma: jina la gari, herufi za aina ya injini kama VVT-i, alama ya 4WD, na wakati mwingine nembo ya duka lililoliuza gari hilo mara ya kwanza. Baada ya miaka michache ya jua na vumbi, herufi moja hudondoka, nyingine hupauka, na mwenye gari huamua kuziondoa zote.

Hapo ndipo uharibifu unapoanza. Bisibisi bapa na nguvu za mkono humaliza kazi kwa dakika moja, lakini huweza kuacha mkwaruzo uliofika kwenye bati. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambako hewa ina chumvi, mkwaruzo wa namna hiyo haukawii kuota kutu. Kazi iliyokusudiwa kulipendezesha gari huishia kwa fundi rangi, ambaye mara nyingi hulazimika kuupiga rangi mlango mzima kwa kuwa ni vigumu kuoanisha rangi mpya na ya zamani kwenye sehemu ndogo.

Rangi ya gari ni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani. Milimita moja ni sawa na mikroni 1,000. Tabaka zote za rangi ya kiwandani kwa pamoja kwa kawaida huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150. Tabaka la juu kabisa, lile lisilo na rangi linaloleta mng'aro, ni mikroni 40 hadi 50 tu, yaani pungufu ya unene wa unywele mmoja wa binadamu.

Nembo nyingi za siku hizi hushikiliwa na mkanda wa povu wenye gundi pande zote mbili. Mkanda huo hustahimili sana kuvutwa ukiwa baridi, lakini una udhaifu wa aina mbili: gundi yake hulainika ikipata joto, na povu lake hukatika kwa urahisi likipitishwa uzi. Kazi yote inategemea udhaifu huo.

Kabla ya kuanza, kuna mambo mawili ya kuchunguza. La kwanza ni iwapo rangi ni ya kiwandani. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi za Selsiasi na kukauka kabisa, ilhali ile ya gereji hukaushwa kwa joto la chini zaidi, au kwa hewa tu. Sehemu iliyowahi kugongwa, ikapigwa puti na kupakwa rangi upya, inaweza kubanduka pamoja na nembo hata fundi akiwa mwangalifu. Dalili zake ni rangi iliyorukia kwenye mpira wa mlango au kwenye taa, na mng'aro usiofanana na wa milango mingine. Penye dalili hizo, ni heri nembo ikaachwa mahali pake.

La pili ni vipini. Herufi ndogo kwa kawaida hushikwa na gundi peke yake, lakini baadhi ya nembo kubwa za mbele na nyuma huwa na vipini vinavyoingia kwenye matundu ya bati. Nembo ya aina hiyo ikiondolewa, hubaki matundu yanayopitisha maji.

Kazi yenyewe huanza kwa kuliosha eneo hilo kwa maji na sabuni, kwani chembe moja ya mchanga chini ya uzi ni sawa na msasa. Kisha mashine ya kukaushia nywele hupitishwa juu ya nembo huku na huko kwa dakika mbili tatu, bila kusimamishwa mahali pamoja, hadi bati liwe la moto lakini bado linagusika kwa kiganja. Mashine ya hewa ya moto inayotumiwa na mafundi haifai kwa asiyeizoea, kwani baadhi hupita nyuzi 500 na huweza kuibabua rangi au kuikunja bampa ya plastiki.

Nembo ikishapata joto, mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki hupitishwa nyuma yake na kuvutwa kushoto na kulia kama msumeno, sambamba na bati. Ukigoma, joto huongezwa, si nguvu. Povu na gundi iliyobaki hupashwa joto tena na kuviringishwa kwa kidole gumba hadi itoke. Utando wa mwisho hufutwa kwa kitambaa laini chenye mafuta ya taa kidogo, baada ya mashine ya joto kuzimwa na bati kupoa, kisha eneo zima huoshwa kwa sabuni. Thina, ambayo wengi huikimbilia, huyeyusha rangi ya gereji papo hapo. Wembe unafaa kwenye vibandiko vya nje ya kioo tu. Kwa ndani, kioo cha nyuma kina nyuzi za kuondolea ukungu zinazokatika kirahisi.

Linalowashangaza wengi ni kile kinachobaki: kivuli cha herufi zilezile, kwa kuwa rangi iliyokuwa chini ya nembo haikupigwa na jua. Polishi hukipunguza kwa kulainisha na kusawazisha rangi ya pembeni, lakini kila inapopigwa hula sehemu ya lile tabaka jembamba la juu. Kwenye gari jeusi au jekundu lenye umri wa miaka 15, huenda kivuli kisiishe kabisa.

Jina na aina ya gari hubaki vilevile katika kadi ya usajili hata kama nembo zote zimeondolewa. Nembo zilizotoka nzima zinaweza kuhifadhiwa na kurudishwa baadaye kwa mkanda mpya.