Jina la Baba, Kijiji cha Mama

Kwa Walokele, watu wa mtoni chini ya Kisangani, mtu ana jina la mdomoni na jina la ngoma. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1938 na kuishi Yakusu, alieleza katika kitabu chake cha 1949 jinsi jina hilo la pili linavyojengwa: kwanza la mwenyewe, kisha la baba, kisha kijiji alikotoka mama. Ngoma ya gogo ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Jina fupi lingefanana na mengine mengi, na mtu asiyehusika angeacha nyavu zake bure. Kwa hiyo anayeitwa kwa ngoma huitwa pamoja na wazazi wake wote wawili.

Nimeanza na ngoma kwa sababu ya lalamiko ninalolisikia kila ninapomwazima mtu riwaya ya ukoo: majina ni mengi mno. Hapa Makiso, komini ya katikati ya mji wa Kisangani, tunasoma zaidi kwa Kifaransa na kuvisimulia vitabu kwa Lingala na Kiswahili. Kitabu kimoja kikipita mikono miwili hurudi kama vitabu viwili. Huyu amechoka kurejea ukurasa wenye mti wa ukoo. Yule hakuufungua kabisa, ila anataka kujua kwa nini fulani hana mjomba. Sidhani tofauti yao ni ya kumbukumbu. Kwa msomaji wa kwanza, jina ni alama ya kumtambulisha mhusika anayetenda jambo. Kwa wa pili, aliyelelewa na koko wake (ndivyo tunavyomwita babu, na bibi vilevile), jina lenyewe ni jambo. Wamongo, majirani zetu wa msituni, wana utenzi wa Lianja, na ndani yake vizazi vinapita kabla shujaa hajazaliwa. Hakuna msikilizaji anayemhimiza msimulizi aruke mababu afike kwenye vita.

Chukua Kintu, riwaya ya Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda. Inaanzia mwaka 1750, inafika Kampala ya 2004. Kintu Kidda, mtawala wa jimbo la Buddu, yuko safarini kwenda kumwona Kabaka mpya. Njiani anampiga kofi Kalema, kijana aliyemlea kama mwanawe, kwa kunywa kutoka kibuyu chake. Kijana anakufa. Kintu anakificha kifo hicho, na baba mzazi wa Kalema, mfugaji Mnyarwanda aitwaye Ntwire, anapogundua analaani uzao wote. Makumbi amesimulia jinsi wachapishaji wa Uingereza walivyoikataa kwa kuwa ni ya Kiafrika mno. Wachapishaji wa Kwani? Trust ya Nairobi ndio walioitoa, mwaka 2014. Ilipovuka bahari, wahakiki walishangaa jambo jingine: mkoloni yuko wapi? Maana riwaya inaruka kutoka karne ya 18 hadi zama zetu, na Mzungu hapewi hata kiti cha kukalia. Msomaji wa Kampala, nadhani, hushughulika na laana: je, ni laana kweli, au ni ugonjwa uliopewa jina la laana?

Msomaji wa Makiso ana swali lake. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji huu, na mamia ya raia wakafa katika ugomvi usio wao. Tunaiita vita ya siku sita. Mtu aliyelala chini ya kitanda siku hizo hawezi kusoma kofi la Mganda kwenye shavu la kijana wa Kinyarwanda kama kisa cha kale. Mimi nilisoma ukurasa ule mara tatu. Sikuona siri yoyote ya vita vyetu, na kumbebesha Makumbi vita hivyo ni kumwonea. Nilichoona ni kwamba mama yake Kalema alikufa akimzaa, na katika nyumba ile ya mapacha na wajomba hakuna hata mmoja wa upande wa mama wa kuuliza kijana alikolala. Kofi lilimpata mtu ambaye jina lake la ngoma lingekatika katikati.

Hapa ndipo ninapomkumbuka mwingine aliyeujua vizuri uzito wa upande wa mama. Mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ndiye ambaye Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimfanya wali wa Stanley Falls, yaani hapa petu, mwaka 1887. Maisha yake aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayatoa mwanzoni mwa karne ya 20. Ndani yake anaeleza jinsi alivyopata utawala wa Utetera, magharibi ya Lualaba. Alisikia kwamba mfalme mzee, Kasongo Rushie, alikuwa na dada waliotekwa zamani wakapotea. Akaenda akajitambulisha: mmoja wa dada wale ndiye bibi yangu. Mzee akamwamini, akamkabidhi nchi.

Msomaji wa pwani hufurahia ujanja huo, na Kiswahili chenyewe ni kitamu, sikatai. Waandishi wengi wa Ulaya nao wameusifu ubongo wa mfanyabiashara. Mimi nasoma nikiwa upande wa mzee, ambaye watu huona ni mjinga. Hakuwa mjinga. Kwao, mjukuu wa dada ni mtu mwenye haki, awe na ngozi gani, awe ametoka wapi. Alidanganywa kwa kupitia kile alichokiheshimu kuliko vyote. Na dada yule halisi, aliyetekwa kweli, akatumika kama ufunguo, mlango ukafunguka, kisha hakuna aliyemuuliza tena.

Kiswahili chetu tunakiita Kingwana, lugha ya waungwana, watu huru. Wengi waliokileta hadi kwenye maporomoko ya Wagenya walikuwa watumwa au watoto wa watumwa. Mwandishi Naipaul, katika riwaya yake ya 1979 kuhusu mji uliopo kwenye kona ya mto, ambao kila mtu hapa anautambua, alimwona mtu wa aina hiyo: kijana wa nyumba ya watumwa ya pwani, anayefika kwetu na kupewa jina jipya, Metty, kutokana na neno la Kifaransa la chotara. Wahakiki wa Afrika walimshutumu Naipaul kwa dharau, na kwa sehemu kubwa nakubaliana nao. Hata hivyo sijamsahau Metty.

Jokha al-Harthi wa Oman alithubutu zaidi. Katika riwaya yake ya mabinti watatu wa kijiji cha al-Awafi, iliyotoka 2010 na kupata tuzo ya Man Booker International mwaka 2019, yumo Zarifa, mtumwa wa nyumba. Utumwa Oman ulifutwa mwaka 1970, na mwandishi anafuatilia nasaba ya Zarifa kurudi nyuma hadi kwa mtu aliyetekwa Afrika Mashariki. Msomaji mmoja atasema sura hiyo inachelewesha habari za mabinti. Kwangu ndiyo sura ya kitabu. Ila hata pale, jitihada yote ile ya mwandishi inafika kwa mtekwa na kusimama. Nimejaribu kumwazia mpiga ngoma wa Yakusu akimwita Zarifa kuvuka mto. Anapiga jina lake, anapiga la mzazi wake, mkono unainuka kwa ajili ya kijiji, na unabaki juu.